Kamera ya Filamu Mikononi mwa Anayeanza

Mwezi wa Desemba, sajini mmoja wa jeshi alipata likizo ya siku kumi, akatoka kambini kwake Jinja kwenda kwao upande wa Arua kuwajulia hali wazazi wake. Mkobani alichukua kamera ya filamu aliyouziwa na askari mwenziwe aliyekuwa akistaafu, pamoja na filamu moja tu ya picha 36, ya rangi nyeusi na nyeupe. Watoto wake walimcheka, wakamwuliza kwa nini asitumie simu kama watu wote. Akawajibu kwamba picha za simu yake ya kwanza zilikwenda na mwizi, na za simu ya pili zilikwenda na maji ilipomtumbukia kisimani. Safari hii alitaka picha itakayobaki.

Alipofika nyumbani aliwaomba wazazi wake wakae mbele ya nyumba. Baba yake, mzee aliyepita miaka themanini, alivaa kanzu na koti lake la sikukuu, akaketi kwenye kiti chake cha mbao. Mama akasimama ubavuni kwake, amejifunga leso mpya. Sajini akapiga picha, akavuta wenzo, akapiga tena. Akawapiga wajukuu, majirani, hata na mwembe wa uani. Picha ya 36 ilipokwisha akajaribu kuvuta tena, na wenzo ukakubali. Akapiga ya 37, ya 38, mpaka ya 40. Akafurahi, akidhani kiwanda kimemwongezea.

Aliporudi Jinja aliipeleka filamu kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini zamani, na ambaye angali anasafisha filamu nyeusi na nyeupe katika chumba kidogo cha giza nyumbani kwake. Mzee alipoitoa filamu majini aliiinua mbele ya dirisha. Isipokuwa ulimi wake wa mwanzo, uliokuwa mweusi, filamu yote ilikuwa angavu kama kioo.

"Mzee wangu, ni dawa iliyoharibika?" akauliza sajini.

"La, mwanangu. Tazama hapa pembeni," akajibu mzee, akimwonyesha namba ndogo na maandishi ya kiwanda yaliyopita ukingoni. "Namba hizi zimetokea wazi. Lau dawa ingalikuwa mbovu, hata hizi zisingalionekana. Filamu yako haikuona mwanga hata mara moja. Haikutoka mkebeni mwake."

Mwezi wa Februari baba yake sajini akafariki dunia. Picha iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho, ambayo hata wajukuu hawakumtambua ndani yake.

Kosa hili huwapata wengi wanaoanza kutumia kamera ya filamu, na kila mmoja hudhani limempata peke yake. Ni kosa la dakika moja, na kinga yake ni ya dakika moja vilevile. Kwa kuwa siku hizi vijana wengi, wakiwamo askari na jamaa zao, wamerudia kamera hizi za zamani, yafaa mambo ya msingi yaelezwe kwa utaratibu, ili picha isiyoweza kurudiwa isipotee.

KAMERA YENYEWE

Kamera ya sajini ilikuwa Pentax K1000, iliyotolewa na kampuni ya Asahi ya Japani mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1997. Walimu wengi wa upigaji picha waliwaelekeza wanafunzi wao kuinunua, kwa sababu haina mapambo. Haina hata saa ya kumpa mpiga picha nafasi ya kukimbilia kundini. Kila jambo hufanywa kwa mkono wa mwenyewe, na kwa hiyo kila jambo hufahamika. Ziko kamera nyingine za namna hiyo, kama Zenit za Kirusi na Praktica za Ujerumani Mashariki ya zamani, na maelezo yafuatayo yatamfaa pia mwenye mojawapo ya hizo, ingawa vitufe vyake huenda vikakaa mahali pengine.

Kamera za aina hii huitwa kamera za kioo. Nyuma ya lenzi kuna kioo kidogo kilichoinama. Mwanga upitao kwenye lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu kwenye prizma, kisha huja katika jicho la mpiga picha. Kwa hiyo aonacho mtu ndicho kile kile lenzi inachokiona. Kidole kikibonyeza kifyatulio, kioo huinuka, pazia lililo mbele ya filamu, liitwalo shata, hufunguka na kufungika, na picha huingia. Kwa nukta hiyo jicho huona giza, nalo ni jambo la kawaida.

Lakini hapo ndipo ulipo mtego. Kamera ya kioo humwonyesha mtu picha nzuri hata isipokuwa na filamu ndani. Shata italia, kioo kitainuka, wenzo utavutika, na hakuna kitu kitakachoandikwa. Kamera hii haimwambii mtu kwamba amekosea. Hana budi kuiuliza mwenyewe.

KUTIA FILAMU

Kazi hii ifanyike kivulini, wala si juani. Kigurudumu cha kurudishia filamu, kilicho juu upande wa kushoto, huvutwa juu mpaka mlango wa nyuma ufunguke. Mkebe wa filamu huwekwa katika chumba cha kushoto, kisha kigurudumu hushushwa tena kiushike. Ulimi wa filamu huvutwa kwenda kulia na kuchomekwa katika ufa wa rili ya kupokea. Wenzo uvutwe taratibu huku mlango ungali wazi, mpaka matundu ya filamu ya juu na ya chini yote mawili yaingie katika meno ya gurudumu. Hapa ndipo wengi hufanya pupa: huona tundu la upande mmoja limeshika, wakafunga mlango. Filamu huchomoka kwenye rili, na safari imekwisha kabla ya kuanza.

Mlango ukisha kufungwa, kigurudumu cha kushoto kizungushwe polepole kufuata mshale wake mpaka kikaze, bila ya kulazimishwa. Ndipo wenzo uvutwe tena. Kigurudumu kile kikizunguka chenyewe kwenda kinyume, filamu inatembea. Kisipozunguka, filamu haitembei, na mlango ufunguliwe kazi ianze upya. Mipigo miwili au mitatu ya mwanzo hutupwa, mpaka namba ya kwanza ionekane kwenye dirisha la hesabu. Baada ya hapo, kila mara wenzo unapovutwa, jicho litupwe kidogo kwenye kigurudumu. Lau sajini angalitupa jicho mara moja tu katika mara arobaini, angalijua.

Mwisho wa filamu wenzo hukataa. Usilazimishwe, kwani filamu inaweza kukatika. Kitufe kidogo kilicho chini ya kamera hubonyezwa, kipini cha kigurudumu hufunuliwa, na filamu hurudishwa mkebeni mpaka mkono usikie imekuwa nyepesi. Mlango usifunguliwe kabla ya hapo. Na ikiwa mtu anarudisha filamu akaona tangu mwanzo haina uzito wowote, na ajue haikushika. Habari njema ni kwamba filamu hiyo bado ni mpya, yaweza kutiwa tena.

NAMBA TATU

Mwanga ni kama maji ya bomba, na filamu ni kama jerikeni. Jerikeni laweza kujazwa kwa bomba lililofunguliwa sana kwa muda mfupi, au kwa bomba lililofunguliwa kidogo kwa muda mrefu. Likipungua, picha huwa nyeusi. Likimwagika, picha huwa nyeupe mno. Namba tatu ndizo zinazotawala kujaa huko.

Ya kwanza ni namba ya filamu yenyewe, iitwayo ISO, ambayo zamani iliandikwa ASA. Filamu ya 100 huhitaji mwanga mwingi na hutoa picha laini. Filamu ya 400 huhitaji robo tu ya mwanga huo, nayo humfaa zaidi anayeanza, maana humruhusu kupiga kivulini na siku ya mawingu. Katika K1000 namba hiyo huwekwa kwa kuinua pete ya nje ya kigurudumu cha mwendo na kuizungusha. Isiposahihishwa kila filamu mpya inapotiwa, kipimo cha mwanga kitadanganya kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Ya pili ni mwendo wa shata. Namba 125 maana yake ni sehemu moja ya 125 ya sekunde. K1000 huanzia sekunde nzima hadi sehemu moja ya 1000, tena ina herufi B, ambayo huacha shata wazi muda wote kidole kinapobonyeza. Mtoto anayekimbia huhitaji 500. Mtu aliyetulia hutoshwa na 125. Chini ya 60 mkono wa kawaida hutikisika, na kamera haina budi kuwekwa juu ya meza au ukuta. Anayetumia flashi asipite 60, la sivyo sehemu ya picha itakuwa giza.

Ya tatu ni tundu la lenzi, ambalo namba zake huwachanganya wengi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Kila hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu kubwa, kama 2, hufanya uso uonekane barabara na vilivyo nyuma vififie. Tundu dogo, kama 11, hufanya walio mbele na walio nyuma waonekane wote. Kwa jamaa waliojipanga safu mbili, anayeanza na akae kwenye 8, hatajuta.

Ndani ya dirisha la kutazamia, upande wa kulia, kuna sindano ndogo. Ikikaa katikati, mwanga umetosha. Ikipanda, umezidi, ikishuka, umepungua. Kwa kugeuza mwendo au tundu, sindano huletwa katikati. Sindano hiyo huendeshwa na betri moja ndogo ya kifungo, LR44. Betri ikifa kamera haifi: shata huendelea kufanya kazi katika miendo yote, ila kipimo hakipo. K1000 haina swichi ya kuzima kipimo, kwa hiyo lenzi ifunikwe kifuniko chake kila baada ya kazi ili betri isiishe bure.

Na kipimo kisipokuwapo, iko kanuni ya zamani ambayo kila askari anaweza kuihifadhi kichwani. Jua likiwa kali, tundu liwekwe 16, na mwendo ufuate namba ya filamu. Filamu ya 100 hutumia 125. Filamu ya 400 hutumia 500. Mawingu mepesi yakitanda, tundu lifunguliwe hatua moja au mbili. Kivulini palipo wazi, zifunguliwe hatua nne. Tena, hatua moja ya tundu hulipwa kwa hatua moja ya mwendo: 125 na tundu 16 ni sawa na 250 na tundu 11, na ni sawa na 500 na tundu 8.

USO MWEUSI MBELE YA UKUTA MWEUPE

Jambo hili linawahusu wasomaji wa huku kuliko watu wa nchi nyingi zilizotengeneza kamera hizi, na vitabu vyake havilisemi sana.

Kipimo cha mwanga hakijui kinatazama nini. Hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya kadiri, mfano wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya mbingu nyeupe za adhuhuri, kipimo huona weupe mwingi, husema mwanga umezidi, na mpiga picha humtii akaupunguza. Ukuta hutoka vizuri, na mwenye picha hutoka kivuli kisicho na macho. Kisha husemwa kwamba watu weusi hawapigiki picha vizuri. Hilo si kweli: kosa ni la kipimo na la aliyekitii.

Hata viwanda vilikuwa na sehemu yao ya lawama. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji picha kadi ya kusawazishia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sawa, na nyuso nyeusi ziliachwa zijitegemee. Ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Filamu za leo ni bora sana kuliko zile, lakini kipimo cha kamera ya mwaka 1976 bado kina macho yale yale.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, mtu asiwekwe mbele ya ukuta mweupe wala mbingu tupu ikiwa pana mti, mlango wa mbao au ukuta wa matofali karibu. Pili, kipimo kichukuliwe juu ya majani mabichi au udongo wa kawaida ulio katika mwanga ule ule alimosimama mtu, namba ziwekwe hapo, kisha kamera ielekezwe kwa mtu na sindano isisikilizwe tena. Tatu, mpiga picha akiwa na shaka, azidishe mwanga, asipunguze. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kwa hatua moja, hata mbili. Lakini uso ambao haukufikiwa na mwanga, hakuna fundi wa chumba cha giza awezaye kuurudisha.

Saa nazo zichaguliwe. Hapa karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini, huchimba mashimo meusi machoni na kuchora mstari chini ya pua. Saa moja na saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, mwanga huja kwa ubavu, nao ni wa upole. Ikiwa lazima ipigwe adhuhuri, watu na wakae chini ya mwembe au barazani.

MKONO NA PUMZI

Askari ana faida moja juu ya raia katika kazi hii. Alifundishwa shabaha. Kamera hushikwa kama bunduki ishikwavyo na mtu mtulivu: miguu imeachana, viwiko vimegusana na mbavu, mkono wa kushoto umeibeba lenzi kwa chini. Pumzi huvutwa, hutolewa nusu, huzuiwa, na kidole hubonyeza polepole bila ya kushtua. Picha nyingi zisizosomeka hazikuharibiwa na lenzi. Ziliharibiwa na kidole chenye haraka.

Kabla ya hapo, pete ya lenzi izungushwe mpaka vile vipande vinavyometameta katikati ya dirisha vitulie. Kwa picha ya mtu, shabaha ni jicho, tena jicho lililo karibu.

Na liwepo daftari. Katika kila mpigo iandikwe namba ya picha, mwendo, tundu, na hali ya mwanga. Simu huyaweka hayo yenyewe, kamera ya filamu haiweki. Mwenye daftari hujifunza kwa filamu tatu yale ambayo mwingine hatayajua kwa filamu thelathini.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Kamera hizi zote zimekwisha kutumika, kwa hiyo mnunuzi awe na macho. Aifungue nyuma, apige shata katika kila mwendo huku akitazama: sekunde moja iwe sekunde moja kweli, na 1000 iwe kama kupepesa jicho. Aielekeze lenzi kwenye mwanga achunguze kama ina ukungu wenye mizizi kama utando wa buibui, ambao ni kuvu, nao ni ugonjwa wa nchi zenye unyevu. Aguse sponji nyeusi za ukingo wa mlango. Zikinata kama lami, mwanga utapenya, na hizo hubadilishwa. Atie betri mpya aone sindano ikicheza. Kile kioo cha ndani asikiguse kwa kidole kabisa.

Kamera isifungiwe katika begi la ngozi miezi na miezi. Itolewe ipate hewa. Filamu isiachwe ndani ya gari juani, kwani joto huiharibu kabla ya wakati. Filamu ambayo haijafunguliwa yaweza kukaa katika friji, nayo ikitolewa iachwe saa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, isije ikatoka jasho. Ikisha kupigwa, isafishwe mapema. Anayesafiri kwa ndege, wakiwamo askari waendao kazini nchi za nje, asiiweke filamu katika mzigo mkubwa. Aibebe mkononi na aombe kwa heshima ikaguliwe kwa mkono, kwa maana mashine za kupekulia mizigo huweza kuitia ukungu, hasa mashine mpya zenye nguvu.

La mwisho ni hesabu ya nyumba. Filamu ni ghali, na usafishaji wake hulipiwa. Katika miji mingi studio za zamani zimefungwa. Kabla ya kununua kamera, na iulizwe kwanza ni nani atakayesafisha filamu na kwa bei gani. Kamera isinunuliwe kwa deni wala kwa fedha za karo ya watoto. Filamu moja kwa miezi miwili, iliyopigwa kwa kufikiri, yamtosha anayeanza.

ADABU NA SHERIA

Kamera ya shingoni haimpi mtu ruhusa ya kupiga kila kitu. Kambi, ghala za silaha, viwanja vya ndege na vizuizi vya barabarani si mahali pa kujifunzia picha, na askari asitegemee kwamba sare itamwokoa. Mfungwa, mgonjwa na maiti wana heshima yao. Mama aliye sokoni aombwe kwanza. Akikataa, ashukuriwe. Akikubali, na ahadi ya kumletea picha ikatolewa, ahadi hiyo ni deni.

NEGATIVU NI MALI

Wengi huthamini picha ya karatasi wakatupa negativu. Hilo ni sawa na kula mbegu. Karatasi hupauka na kuchanika. Negativu iliyosafishwa vema huzaa picha nyingine hata baada ya miaka mingi.

Ushahidi uko Kampala. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, liligunduliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Sehemu ya picha hizo ilionyeshwa mwaka 2019 katika Makumbusho ya Uganda, na watu wakatazama nyuso na matukio ambayo wengi walikuwa hawajapata kuyaona. Miongo mizima ilipita, serikali zikabadilika, vita vikaja na kuondoka, na vipande vile vya filamu vikangoja. Viliweza kusomeka kwa sababu kuna waliochukua taabu ya kuvitia katika bahasha na kuandika juu yake.

Basi katika kila nyumba negativu zikatwe vipande vya picha sita sita, zitiwe katika bahasha safi za karatasi, na juu yake iandikwe tarehe, mahali, na majina ya waliomo. Zisiwekwe jikoni penye moshi wala chini ya kitanda penye unyevu.

MAMA NA KITI

Mwezi wa Aprili sajini alirudi kwao, na filamu moja ya 400. Akaketi barazani, mbali na jua, akaufungua mlango wa kamera, akatia filamu, akahakikisha meno yameshika juu na chini, akafunga, akakaza kigurudumu. Mama yake, aliyekuwa amekwisha kusikia habari za ile filamu ya Desemba, alisogea kutazama.

"Mwanangu, hicho kidude leo kinazunguka?"

"Kinazunguka, Mama. Tazama mwenyewe." Akavuta wenzo, na mama akakiona kikizunguka.

Akamkalisha chini ya mwembe. Mama aliomba kiti cha mbao cha marehemu kiletwe kiwekwe ubavuni kwake, kitupu, na sajini hakumwuliza kwa nini. Akapima mwanga juu ya majani, akaweka mwendo 125 na tundu 8, akalenga jicho, akatoa nusu ya pumzi, akabonyeza. Akaandika daftarini. Alipiga sita tu siku ile, kisha akaimaliza filamu kwa wajukuu katika siku zilizofuata, kila mara akitupa jicho upande wa kushoto. Ya 37 ilipofika, wenzo ukakataa. Hajapata kufurahi kwa kukataliwa kama siku ile.

Yule mzee wa Jinja alipoitoa filamu majini, hakusema neno; alimpa sajini aishike mwenyewe mbele ya dirisha. Picha moja ilichapishwa kubwa ikapelekwa Arua. Negativu yake iko katika bahasha, na juu yake pameandikwa: Mama, na kiti cha Baba, chini ya mwembe, Aprili.

Mwenda pole hajikwai. Anayeanza kutumia kamera ya filamu ana mambo mengi ya kujifunza, na mengine yatamchukua miaka. Hili la kwanza halingoji: kigurudumu kitazamwe kabla wazee hawajaitwa kuketi.

Juma lijalo: namna ya kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani, na jinsi ya kupoza dawa hadi nyuzi 20 mahali ambapo maji ya mtungi yenyewe ni ya moto.